Ndani ya Uso wa Babu Alfons

Jumamosi, 6 Januari

Leo wamekuja kupangusa vinyago. Wanaume watano, makoti meusi, kofia ndefu, kila mmoja na brashi yake. Nyumba hadi nyumba, kama kila mwaka siku ya Wafalme Watatu. Ila mwaka huu kwa Bibi Hedwig hakukuwa na wa kuwafungulia sanduku. Babu Alfons tulimzika Oktoba.

Baba akalifungua. Kinyago cha ubao kilikuwa kimelala humo kama mtu aliyechoka: rangi ya maziwa, mashavu mekundu, tabasamu dogo la mtu anayejua jambo lako.

Ami Eugen ndiye mkuu wa chama cha vinyago. Akakipangusa, paji, pua, kidevu, kisha akauliza linaloulizwa kila nyumba: nani atakivaa Fasnet hii, sherehe za vinyago kabla ya Kwaresima?

Baba akasema, "Mzee mwenyewe alisema. Elinam."

Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni na sinia la glasi. Nikaliweka chini nisikie vizuri. Elinam ni mimi!

Ami akakohoa. "Si mambo ya rangi, Rainer, usinikodolee macho. Ni sheria. Mvaa kinyago hatakiwi kutambulika. Sasa huyu binti yako anatambulika toka ng'ambo ya mto."

"Ndani ya ubao, kitambaa na glavu?"

"Kwa mwendo, basi."

Matthis, mwanawe, akadakia: "Anatembea kama anaiomba sakafu samahani." Wakacheka wote. Nami nikacheka. Ni kweli.

Ndipo Bibi akasema, bila kugeuka kutoka dirishani: kivaliwe, nyumba haikai bila kinyago. Avae mwenye kimo cha Alfons.

Mwenye kimo cha Babu katika ukoo wote ni mimi. Matthis ananifika begani.

Ami akakubali, kwa sharti. Siku zote za Fasnet nisitambuliwe na mtu hata mmoja. Nikitambuliwa, kinaenda kwa Matthis. Nisipotambuliwa, Jumanne ya mwisho, ikilia kengele ya saa kumi na mbili jioni, nitavua pamoja na wote pale kisimani, uwanjani. Ataita, "Nyumba ya Hagmann — nani?" Nami nitataja jina langu, na kitakuwa changu mpaka nife.

Kutaja jina langu. Kwa sauti. Mbele ya mji mzima wa Talbronn.

Mimi, ambaye darasani huinua kidole nikiwa nimekificha nyuma ya kichwa cha mwenzangu.


Jumapili, 14 Januari

Mama amelipunguza vazi la Babu mabegani. Nimesimama juu ya stuli saa nzima, yeye na pini mdomoni, akinung'unika.

"Miaka kumi na minane wananiuliza kwa nini nafunga kilemba. Naficha nini? Hakiniwashi? Wao wanajifunika hadi kucha na hakuna anayewauliza!"

Baba: "Akouvi, hiyo ni mila."

"Na kilemba changu ni nini, mafua?"

Baba alicheka hadi akatoka nje kukohoa. Mama hakucheka. Alinizungusha, akanitazama. Akaniuliza kwa Kifaransa, maana mambo mazito huniuliza kwa Kifaransa: nakitaka kinyago, au nataka wanitake?

Nilisema pini inanichoma.

(Vyote viwili, Mama. Vyote viwili.)


Alhamisi, 25 Januari

Bibi ameniita. Peke yangu! Haijawahi kutokea.

Niandike ukweli, hakuna mtu atakayesoma. Bibi hajawahi kunitendea ubaya. Zawadi ya Krismasi kila mwaka, karatasi imekunjwa vizuri, utepe. Lakini hajawahi kunigusa pia. Mkono hunipa kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima maji ya kuoga. Matthis humpiga busu la kichwani. Mimi huniuliza kama shule inaendelea. Naam, Bibi, inaendelea. Ndiyo mazungumzo yetu ya miaka kumi na sita.

Leo alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani. "Tembea."

Nikatembea, dirisha hadi jiko.

"Mguu wa kushoto mzito zaidi. Tangu ajali ya kiwandani Alfons aliuburuta. Tena."

Tena. Tena. Nyumba ilinuka nta na tumbaku ya Babu, kama ametoka sasa hivi kwenda kuchukua kuni. Bibi akafumba macho, akawa anasikiliza tu.

"Hapo," akasema. "Hapo hapo. Usiache."

Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ya msichana. Nikaendelea. Jambo la ajabu: baada ya muda sikuhitaji kufikiria. Mguu ulijua wenyewe.

Kisha ubao wa sakafu ukalia chini yangu, Bibi akafumbua macho. Akanikuta mimi. Alishtuka. Kweli alishtuka, mkono kifuani! Akajikusanya, akasema asante, kama unavyomshukuru mleta barua.


Jumatano, 7 Februari

Nimehamia kwa Bibi. Kinyago hutoka katika nyumba yake, na anayekivaa hulala humo mpaka Jumanne. Sheria. Simu pia haziruhusiwi, ya kwangu anayo Mama.

Nimepewa chumba cha Babu, juu. Kitanda kimetandikwa upande mmoja tu, upande wa ukutani. Nimemuuliza Bibi kama nilale popote. Amesema, "Alfons hulala ukutani."

Hulala. Si alilala.

Labda nimesikia vibaya. Nimelala ukutani.


Alhamisi, 8 Februari

Nimetoka!!

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya kukata masikio, njuga za Babu kifuani na mgongoni, mikanda minne. Nilidhani zingeniangusha. Bibi alinifunga mwenyewe. Kabla ya kinyago alikuwa anafunga kama anafunga mzigo. Nilipokishusha usoni, mikono yake ikabadilika. Akanilainisha kola. Akanipigapiga kifua mara mbili. "Nenda," akasema, "usichelewe supu."

Ndani ni giza, na matundu mawili. Unasikia pumzi yako tu, na inarudi usoni ikiwa na harufu isiyo yako.

Kazi ya kinyago ni kusuta. Unamwendea mtu, unabana sauti iwe nyembamba kama ya panya, unamsomea aliyoyafanya mwaka mzima, naye lazima acheke. Nilikuwa nimejiandalia mawili matatu. Nikamwona Mzee Gerold, jirani, mlangoni kwake na mkewe. "Narri!" nikasema, salamu ya Fasnet. "Narro!" akajibu. Nikafungua mdomo, na yale niliyojiandalia hayakutoka. Nilisema:

"Gerold, Gerold, yule paka wa kwenye banda la kuni bado hujamwambia mama watoto?"

Mkewe: "Paka gani?!"

Watu wakaangua kicheko. Gerold naye alicheka, kisha akaacha. Alinisogelea mpaka pua yake ikakaribia kugusa ubao. Akasema polepole, "Hilo nilimwambia Alfons tu."

Sikuwa najua habari za paka. Labda niliwahi kusikia mezani. Lazima niliwahi kusikia mezani.

Gerold akavua kofia. Kwangu! Mtu ambaye akinikuta njiani huita mbwa wake karibu.


Ijumaa, 9 Februari

Hakuna matembezi leo. Paji la uso lina alama nyekundu, upinde, pale ubao unapokaa. Nimesugua na maji baridi. Haitoki.

Nje ya mlango wangu nimekuta viatu vya Babu, vya Jumapili. Vimepigwa rangi.

Vinanitosha.


Jumapili, 11 Februari

Maandamano makubwa. Barabara imejaa hadi kwenye ngazi za kanisa.

Sijui nianze wapi. Nianze na zuri. Nimetembea kama mtu mwenye kwake! Nimeruka, njuga zote zikalia pamoja. Watoto walinikimbilia, nikawapa maandazi. Mama mmoja akaniwekea mtoto mchanga mikononi nipigwe picha. Wazee wakanigonga bega: "Huyo! Mwendo wa Hagmann huo!" Hakuna aliyehama upande wa barabara. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Ami Eugen alipita karibu, akanitazama mguu wa kushoto, akaondoka haraka, midomo myeupe.

Niliwaona Baba na Mama kwenye kona ya duka la dawa. Mama na kilemba chake cha njano. Nilipita hatua mbili kutoka kwake. Vinyago vya chama karibu vyote vinafanana, na mavazi pia, lakini nilitaka anijue, sharti au si sharti. Mama alipiga makofi kwa adabu, kama anavyompigia mtu yeyote. Macho yake yalikuwa yananitafuta nyuma yangu.

Sasa baya.

Bi Kiefer wa duka la mikate. Kila asubuhi hunipa mkate kwa koleo na kuniongelesha kwa sauti kubwa, pole-pole, kana kwamba Kijerumani nimekiokota jana. Leo alitoka mbio na kiglasi cha pombe kali, machozi machoni, akanikumbatia na njuga zangu zote.

"Alfons, ndugu yangu! Najua si wewe, lakini ni wewe. Eti walitaka kumvika yule mtoto mweusi wa Rainer! Si mbaya, masikini, ana adabu zake. Lakini kila kitu na mahali pake, au siyo?"

Akangoja. Kinyago lazima kijibu.

Nikacheka.

Si kicheko changu. Kilitoka chini, kizito, hu-hu-hu, cha Babu kabisa. Bi Kiefer alifurahi hadi akanibusu shavu la ubao. Na mimi — hili siwezi kumwambia Mama, siwezi kumwambia mtu — kwa muda mdogo, kama kupepesa jicho, niliona yuko sahihi. Nilimwonea huruma yule mtoto mweusi, kama mtu wa mbali. Nikajiuliza, yuko wapi leo? Mbona hajatoka?

Kisha nikakumbuka.


Jumatatu, 12 Februari

Nimeomba kwa ishara kuvua kinyago wakati wa chakula. Bibi akaweka kidole midomoni. Ssh.

Ameandaa meza kwa watu wawili. Kitambaa cheupe, bilauri za harusi yao. Supu ya vipande vya chapati, nyama, viazi. Akaniketisha kwenye kiti cha Babu na kunifunga kitambaa shingoni. Akazungumza. Bibi! Mtu wa maneno kumi kwa siku! Alinisimulia habari za bomba lililoganda, za Eugen kuwa mkali tangu awe mkuu, za ndoto aliyoota. Alinishika mkono juu ya glavu na hakuuachia.

"Chakula kinapoa," akasema mwisho. Akatoka nje ya chumba ili nile. Nilikiinua kinyago hadi puani nikala haraka haraka. Nilipokishusha aliingia, akaona sahani tupu, akapiga makofi mara moja kwa furaha.

Ningeweza kusema kitu. Neno moja tu kwa sauti yangu.

Sikusema. Mkono wake ulikuwa na joto. Sikujua kwamba mikono ya Bibi ina joto.

Halafu akauliza, akipanga vijiko: "Yule mtoto wa Rainer, anakuja siku hizi?"

Nikatikisa kichwa. Hapana.

"Mpole," akasema. "Sijui nimwambie nini nikimwona. Miaka yote sijui. Wewe ulikuwa unajua."

Nikatikisa kichwa tena. Sijui kwa nini. Kinyago kilikuwa kimelowa kwa ndani.


Jumanne, 13 Februari

Asubuhi. Nje ya mlango: beseni, maji ya moto yanatoa mvuke, wembe wa Babu, taulo.

Nimeyatazama mpaka yakapoa. Kisha nikayamwaga dirishani asijue hayakutumika. Kwa nini nimefanya hivyo?! Kwa nini namsaidia?

Leo jioni inaisha. Nimekuwa nikifanya mazoezi chini ya blanketi. Elinam Hagmann. Elinam Hagmann. Linatoka kama kikohozi, lakini linatoka.


Baadaye. Sijui saa ngapi.

Nilirudi mchana kula, kama siku zote, nitoke tena saa kumi. Nimekula. Bibi kanifungua kitambaa. Nikaenda mlangoni — umefungwa, ufunguo haupo. Mlango wa nyuma una kufuli. Vibao vya madirisha vimefungwa vyote, na mablanketi yamesokomezwa kwenye nyufa. Saa ya ukutani haisemi, ameisimamisha. Redio, sauti juu kabisa, muziki wa kucheza wawili wawili.

Nilionyesha mlango kwa mkono. Akaniinamisha kichwa begani kwake, akasema kwa upole, kama unambembeleza mtoto:

"Ikilia kengele unaondoka. Mwaka huu hutaisikia."

Nilisimama. Muda mrefu. Tulikuwa karibu kuucheza ule muziki, nadhani. Mguu wa kushoto ulikuwa umeanza.

Nikawawaza kule uwanjani. Mama amesimama mbele, najua, amefika mapema kupata nafasi. Ami ataita. Hakuna atakayejibu. Watasema, si tulijua, ameogopa, kila kitu na mahali pake. Na hawatakuwa wamenitambua. Hata mmoja. Nimeshinda sharti lake na hakuna atakayejua kwamba nilikuwepo!

Nikakivua. Mbele yake. Hairuhusiwi. Hewa iliniuma uso mzima.

"Bibi, ni mimi. Elinam. Nifungulie."

Nilitegemea apige kelele. Aanguke. Nilikuwa nimeshatayarisha mikono kumdaka.

Hakushtuka hata kidogo. Alinitazama. Macho, pua, ile alama ya paji. Nadhani ni mara ya kwanza tangu nizaliwe. Akasema:

"Najua. Najua tangu Alhamisi. Si mwendawazimu mimi."

"Basi nifungulie, Bibi."

"Kivae tena."

"Wananisubiri."

"Kivae tena, mjukuu wangu. Kidogo tu."

Mjukuu wangu! Miaka kumi na sita nimelingoja neno hilo, na limekuja kuniomba niondoke usoni mwangu.

Mbaya zaidi ni kwamba mikono ilianza kuinua ubao. Yenyewe. Ilifika kidevuni. Nikakimbilia juu.

Sasa niko chumbani kwa Babu, kiti nimekiegemeza kwenye kitasa. Naandika ili mikono iwe na kazi. Ameketi kwenye ngazi, nje ya mlango. Nasikia ufunguo ukigonga kwenye pete yake. Hasemi Alfons tena. Anasema Elinam. Analitamka sawasawa, hata ile herufi ya mwisho ambayo Ami huimeza siku zote. Kumbe analijua. Alikuwa nalo muda wote.

"Elinam. Niage mara moja ukiwa yeye. Oktoba hakuniaga. Kivae, uniage, halafu nitakufungulia."

Huenda ni kweli. Huenda atafungua. Sauti yake imechoka na haina ujanja. Namwonea huruma. Ila najua nikikivaa sasa, nikamkumbatia, nikasema kwaheri kwa sauti ile ya chini — sijui kama nitakivua.

Redio imezimika. Sijui ni yeye au ni umeme.

Kengele.

Inasikika. Kupitia blanketi, kupitia kibao cha dirisha, inasikika vizuri kabisa. Bibi naye ameisikia. Ufunguo umeacha kugonga.

Nimeng'oa blanketi. Kibao cha dirisha kimevimba kwa unyevu, nimekisukuma kwa bega. Uwanja unaonekana kipande, kati ya bomba la moshi la Gerold na mnara. Wamevua. Nyuso nyekundu, nywele zimelowa, mvuke unawatoka vichwani. Kuna kitu cha njano karibu na kisima. Ami amepanda kwenye ukingo, anaita, sauti yake inafika ikiwa imechelewa kidogo.

Nyumba ya Bantle — nani? Mtu anajibu. Wanashangilia.

Nyumba ya Rapp — nani?

Sisi ni baada ya Rapp.

Kiti kinasogea. Hasukumi kwa nguvu, anasukuma tu. "Kidogo tu, Elinam." Kinyago kiko kwenye mkono wangu wa kushoto, sikumbuki kukiokota. Nimesukuma kibao tena. Kimefunguka kiasi cha kichwa kimoja, changu au cha Babu.